Uvimbe Umeonekana, Matibabu Yanaanza Lini? Maswali Yanayoulizwa Sana Nyanda za Juu Kusini

Maswali haya ya uvimbe na saratani ya titi nimeyaokota kwenye mabenchi ya kliniki, kwenye mabasi ya Dar na kwenye simu ninazopigiwa tangu nilipomuuguza mama yangu mdogo, mkulima wa chai na ndizi huko Rungwe. Mimi si daktari. Nilikuwa mbeba faili na mshika daftari. Hakuna neno humu linaloweza kuchukua nafasi ya daktari aliyekupima kwa mikono yake, ila nataka ukifika kwake uwe unajua cha kumuuliza.

Nimegusa kinundu leo asubuhi nikioga. Nina muda gani?

Muda wa kwenda kupimwa unao. Muda wa kukaa ukikiangalia kama kitaondoka chenyewe huna. Uvimbe mwingi wa titi si saratani, hasa kwa wasichana na wanawake wa miaka ya ishirini. Tatizo ni kwamba hakuna kidole kinachoweza kutofautisha, hata cha daktari bingwa. Nenda zahanati au kituo cha afya ndani ya wiki hii au ijayo.

Msichana ambaye matiti humuuma na kujaa kabla ya siku zake anaweza kuambiwa asubiri mzunguko mmoja wa hedhi arudi kuangaliwa tena. Ni sawa, lakini uwe mmoja tu, na tarehe ya kurudi iandikwe. Usisubiri hata siku chache ukiona ngozi ya titi imekuwa kama ganda la chungwa, chuchu imeingia ndani wakati haikuwa hivyo, damu inatoka kwenye chuchu, kuna tezi kwapani, au titi limekuwa jekundu na la moto na hunyonyeshi.

Na hili nalirudia kila ninapopigiwa simu: kutouma si dalili ya usalama. Saratani ya titi ikiwa changa kwa kawaida haiumi. Mama mdogo alikaa nayo kwa sababu hiyohiyo. "Haliniumi, mwanangu, ningekusumbulia nini?"

Kwani ni muda gani wa kusubiri unaokubalika?

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa dunia wa saratani ya titi. Lengo lake ni kwamba tangu siku mgonjwa anapoonekana kituoni kwa mara ya kwanza, majibu kamili yapatikane ndani ya siku 60, na matibabu yaanze ndani ya miezi mitatu. Hayo ni malengo yaliyowekwa hata kwa nchi kama yetu, si ya Ulaya peke yake. Uingereza wanahesabu siku 62 kuanzia rufaa ya haraka hadi tiba ya kwanza.

Kwa hiyo ukisubiri majibu wiki mbili au tatu, usilale ukilia kwamba umeshakufa. Uvimbe uliouona leo umeshakuwepo muda mrefu kabla hujaugusa, na wiki mbili za vipimo vinavyofanyika kweli hazibadilishi hesabu yako. Kinachobadilisha ni miezi. Mwaka 2020 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi za saratani, na kwa upasuaji wa titi, kila wiki nne za kuchelewa ziliambatana na hatari ya kifo kupanda kwa takriban asilimia 8. Tafadhali ielewe vizuri. Haina maana kwamba wanawake 8 zaidi katika kila 100 watakufa. Ina maana kwamba hatari uliyokuwa nayo, kubwa au ndogo, inaongezeka kwa kiasi hicho, na ukichelewa wiki nne nyingine inaongezeka tena.

Kama ni hatari hivyo, kwa nini wasinianzishie dawa siku hiyohiyo?

Kwa sababu saratani ya titi si ugonjwa mmoja. Daktari anahitaji kwanza picha, yaani ultrasaundi au mamogramu. Kisha kinyama kinachukuliwa kwa sindano nene baada ya ganzi. Hicho kinyama kinatakiwa kiingie papo hapo kwenye kichupa chenye fomalini, dawa ya kukihifadhi kisiharibike. Maji hayafai, wala spiriti. Kinakaa humo kati ya saa 6 na 72 ndipo kitengenezwe, kigandishwe ndani ya mche mdogo wa nta na kukatwa vipande vyembamba kuliko karatasi ili mwanapatholojia avisome kwa darubini.

Akishasema ni saratani, bado kuna kipimo cha pili kwenye kinyama hichohicho: vipokezi vya homoni mbili, estrojeni na projesteroni, vinavyoonyesha kama homoni zinaulisha uvimbe, na protini inayoitwa HER2. Hapo ndipo njia zinapoachana. Mwenye vipokezi vya homoni atatumia vidonge kama tamoksifeni miaka 5 au zaidi. Mwenye HER2 ana dawa yake. Asiye na vyote vitatu, na aina hii huonekana zaidi kwa wanawake Waafrika, ndiye ambaye kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, inapaswa kumwahi mapema kuliko wote, kwa kuwa vidonge vya homoni havitamsaidia.

Sasa unaona kwa nini nalalamika kinyama kikiachwa wiki mbili kwenye rafu kikingoja gari la kukipeleka maabara. Si siku tu zinazopotea. Fomalini ikikizidi muda, vipokezi vinaweza kusomeka dhaifu au visionekane kabisa, na mgonjwa akanyimwa kidonge ambacho kingemfaa. Muulize nesi bila woga: "Kinyama changu kinaondoka lini, na kinakwenda maabara ipi?" Ni swali la haki kabisa.

Baada ya hapo kuna picha ya kifua na tumbo kuangalia kama ugonjwa umesambaa, vipimo vya damu, figo na ini, na eko, yaani ultrasaundi ya moyo, kabla ya baadhi ya dawa, maana zipo zinazoweza kuudhoofisha moyo. Vingi kati ya hivi vinaweza kufanyika kwa pamoja wakati majibu ya kinyama yanasubiriwa. Omba vifanyike kwa pamoja. Mtu akipangiwa kimoja kimoja, kila kimoja na safari yake kutoka Makete au Ludewa, mwezi umekwisha.

Wewe na mama yako mdogo mlisubiri siku ngapi?

Ninalo daftari hapa, la kurasa 96, jalada limelegea kwa mvua ya Tukuyu. Aligusa uvimbe tarehe 14 Januari. Aliniambia tarehe 2 Aprili. Tarehe 4 tulikuwa zahanati. Tarehe 15 Aprili alipigwa ultrasaundi na kuchukuliwa kinyama. Majibu yalitoka tarehe 3 Mei. Tuliyapata tarehe 22 Mei. Dripu ya kwanza ya kemo ilikuwa tarehe 17 Juni.

Siku 154 jumla. Nilipozigawanya usiku mmoja kwa kalamu nyekundu ndipo nilipoelewa. Siku 78 za mwanzo zilipita nyumbani, kimya. Siku 19 majibu yalikuwa yamekaa kwenye droo ya hospitali moja, yamekamilika, kwa sababu namba yangu ya simu ilikuwa imeandikwa vibaya kwenye fomu: 6 imesomeka 0. Walipiga, simu haikuita, wakaacha. Sisi tulikuwa nyumbani tukiamini majibu bado. Hakuna foleni iliyotuchelewesha siku hizo, wala mashine mbovu, wala upungufu wa daktari. Ilikuwa namba moja.

Tangu zahanati hadi majibu mkononi ni siku 48, hadi dripu ni siku 74. Kwa hiyo tulipokwisha kuingia mlangoni, hata na kosa lile la namba, tulikuwa ndani ya malengo niliyoyataja juu. Ndiyo maana mtu akinipigia akilaumu foleni, kabla ya yote namuuliza: "Uliugusa lini?"

Nasikia kinyama kikikatwa, kisu kinauamsha ugonjwa. Ni kweli?

Hapana. Na imani hii inawaweka wanawake wengi ndani miezi na miezi.

Najua inatoka wapi, na waaminio hivyo si wajinga. Wamemwona jirani akipimwa kinyama mwezi wa tatu na kuzikwa mwezi wa saba. Walichokiona ni kweli. Lakini jirani huyo alifika hospitali titi likiwa limeshachimbika na ugonjwa uko kwenye mapafu. Kinyama kilikuja mwishoni kwa sababu yeye alikuja mwishoni. Wale waliopimwa mapema na kupona hawatangazi, wamerudi shambani, na nusu ya kijiji haijui kwamba waliwahi kuumwa.

Sindano inaacha jeraha dogo na wekundu wa siku chache. Kinyama kikishachukuliwa, kaa na bandeji, nywa dawa ya maumivu, na siku ya tatu utakuwa unafua.

Nimepewa antibayotiki mara ya tatu, wanasema ni jipu la ziwa. Niendelee?

Kwa anayenyonyesha, ziwa kuvimba na kupata homa ni jambo la kawaida na dawa husaidia. Lakini dozi moja ikiisha, wiki moja au mbili zimepita, na uvimbe au wekundu uko palepale, omba rufaa ya ultrasaundi na kinyama. Iko aina ya saratani inayokuja kwa sura ya jipu, titi zima jekundu na zito, nayo inakwenda mbio. Dozi ya tatu ya dawa ileile ni mwezi mzima umetoka mfukoni mwako. Sema kwa adabu, ila sema: "Daktari, dawa hii haijanisaidia, naomba nipimwe zaidi."

Daktari amesema anaweza kuutoa uvimbe kesho. Si ndiyo haraka yenyewe?

Haraka ya namna hiyo inaweza kukurudisha nyuma. Kama uvimbe haujapimwa kinyama, anayekata hajui anakata nini, akate kiasi gani, na kama kwapa nalo liguswe. Kwa baadhi ya wagonjwa kemo hutangulia ili uvimbe usinyae, ndipo upasuaji ufuate. Ukishakatwa kabla, nafasi hiyo haipo tena. Uliza kwa nini kinyama kisitangulie.

Na kama uvimbe umeshatolewa, usitoke hapo bila kujua ulikwenda wapi. Chochote kinachotolewa kwenye titi kipelekwe maabara, hata kikionekana mafuta matupu. Nimekutana na mama wa Mafinga aliyetolewa uvimbe akaambiwa ameshapona, na hakuna aliyeupima. Ulirudi mwaka uliofuata ukiwa mkubwa kuliko ule wa kwanza, na hakukuwa na karatasi hata moja ya kumwonyesha daktari.

Niende wapi? Iringa, Mbeya au nipande basi moja kwa moja hadi Dar?

Kama uvimbe bado haujapimwa, usikimbilie Dar. Anzia karibu, upate rufaa na picha. Hospitali za rufaa za mikoa, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya na hospitali kubwa za misheni ambazo watu wa huku tunazijua, kama Ikonda kule Makete, zitakupa mwanzo mzuri zaidi kuliko kufika mjini bila karatasi.

Mionzi ni habari nyingine. Hiyo ndiyo inayowapeleka watu wengi Taasisi ya Saratani Ocean Road, pale ufukweni jirani na Ikulu. Bugando, Mwanza, nako wanatoa mionzi, ila kwa mtu wa Njombe ni mbali zaidi. Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800, Iringa karibu 500, na mionzi ya titi hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki tatu hadi tano. Kinachowashinda wengi ni pa kulala wiki zote hizo, zaidi hata ya nauli. Anza kumtafuta ndugu wa kukupokea siku unapoanza kemo, maana kati ya hapo na mionzi kuna miezi kadhaa, na miezi hiyo ndiyo ya kupanga.

Ukihamishwa hospitali, beba vitu viwili watu wanavyovisahau: barua ya majibu yenye muhuri, na ule mche wa nta wenye kinyama chako. Maabara wanautunza, na unaweza kuuomba kwa maandishi. Hospitali mpya wakitaka kupima vipokezi na huna mche, utachomwa sindano upya na foleni inaanza tena. Tuliufunga wetu kwenye karatasi laini ndani ya kibati cha majani ya chai, mama mdogo akaupakata tangu Uyole hadi tukashuka Kitonga, akawa ananiuliza kila kituo, "Hautayeyuka?" Haukuyeyuka.

Sina pesa. Nisubiri nivune kwanza?

Usisubiri mahindi ya mwezi wa sita kwa ugonjwa ulioonekana mwezi wa pili. Nenda dirisha la Ustawi wa Jamii hospitalini siku ya kwanza, kabla hujauza ng'ombe. Sera ya nchi inatambua wagonjwa wa saratani kwenye msamaha wa malipo, lakini afisa ustawi hawezi kukusaidia kwa kitu asichokijua. Chukua barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa mapema. Mwenye bima aulize mapema kadi yake inafika hadi ngazi gani na dawa zipi zinahitaji kibali kwanza, maana kibali nacho kina siku zake.

Sitakudanganya kwamba msamaha unalipa kila kitu. Nauli, chakula, pa kulala na dawa zinazokosekana dukani mwa hospitali vitabaki juu ya familia. Hivyo ndivyo vya kuchangiwa kwenye kikao cha ukoo.

Wazee wamesema tuanze na mganga wa mitishamba, hospitali baadaye.

Sitawatukana wazee. Kwetu mgonjwa si wa mtu mmoja, na mwanamke aliyekwenda hospitali kwa kificho hurudi hana wa kumpikia uji. Nilichofanya mimi ni kumchukua baba mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa anasema tusubiri, nikampeleka kliniki akae na mgonjwa mbele ya daktari. Alitoka humo kimya. Jioni ile ndiye aliyepiga simu za mchango.

Kama lazima dawa za miti zitumike, mwambieni daktari ni zipi. Zipo zinazoingiliana na kemo na kulisumbua ini. Ila kubandika majani kwenye uvimbe miezi mitatu "kwanza" ndiyo njia ambayo uvimbe wa kutolewa unageuka kuwa kidonda.

Nikiwa nasubiri majibu nifanye nini?

Andika tarehe. Kila ukitoka dirishani uwe na majibu ya maswali matatu: nasubiri nini, kitakuwa tayari lini, na nimpigie nani kisipokuwa tayari. Tarehe ikifika hujasikia kitu, usingoje kuitwa. Nenda au piga. Isome mwenyewe namba ya simu iliyoandikwa kwenye fomu, tarakimu moja moja, kwa sauti, na uache namba ya mtu wa pili.

Ukianza kemo, fahamu kwamba kuna kusubiri kwingine ndani yake. Mara nyingi dozi hutolewa kila baada ya siku 21, na damu hupimwa kabla. Chembe nyeupe zikiwa chini, dozi husogezwa. Hilo ni kwa usalama wako na halina hofu kubwa. Kuruka dozi kwa sababu unajisikia nafuu ni jambo lingine kabisa. Na dawa moja kati ya hizo ni nyekundu kama juisi ya rozela, mkojo nao hubadilika rangi siku moja au mbili. Mama mdogo alidhani anavuja damu usiku ule, akaamsha nyumba nzima. Ni rangi ya dawa tu.

Ni mjamzito. Lazima nisubiri nijifungue?

Si lazima. Upasuaji unaweza kufanyika, na baadhi ya kemo hutolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza. Mionzi ndiyo husubiri mtoto azaliwe. Daktari wa saratani na wa uzazi wazungumze pamoja juu yako.

Na wanaume?

Wanaougua ni wachache, takriban mmoja katika kila wagonjwa mia moja, lakini wapo. Kinundu nyuma ya chuchu ya mwanaume kipimwe vilevile, kwa tarehe zilezile.

Nimekaa nao mwaka mzima na sasa umetoboka. Nimeshachelewa, nije kufanya nini?

Njoo. Hata ugonjwa uliosambaa una matibabu: vidonge vya homoni vinaweza kuutuliza kwa miaka, kemo hupunguza uvimbe, mionzi huzuia damu na maumivu ya mifupa, na kidonda chenye harufu kina dawa yake ili uweze kukaa tena na watu sebuleni. Hakuna nesi mwema atakayekuuliza ulikuwa wapi. Akikuuliza kwa ukali, mjibu tarehe tu, kisha umuulize kinyama kinachukuliwa lini.

Mama mdogo yuko mwaka wa tano wa tamoksifeni. Hunywa kidonge chake saa mbili usiku, na chupa anaiweka juu ya redio ili asisahau.